Hodi ya Kutoka

Kwetu Ngamiani mlango haupigwi ngumi.
Unasimama kizingitini, unabisha hodi,
mara tatu, basi,
na wa ndani wakinyamaza unakwenda zako.
Hodi ya kuingia naijua tangu sijaota meno.
Ya kutoka nimeisikia Jumamosi,
jikoni kwangu, barabara ya kumi na nne.

Kaa thelathini wa Mwarongo, wa mikokoni, wazito,
magando yamefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli.
Bi Mwanamgeni anamwoza kitinda mimba wake
na wakwe wa Pangani, alisema,
wasipoona kaa watasema hawakulishwa.
Maji yalikuwa yameanza kuimba tu.
Nikawamimina, nikafunika, nikaweka mchi juu ya kifuniko.
Moto ukapiga mwayo. Ukazima.
Mtungi wa gesi umekwisha.

Nikamtuma Shehoza dukani.
Mwenye duka kaenda kuswali, chenji hakuna,
robo saa nzima, maji si ya moto si ya baridi,
na humo ndani wakaanza kubisha.

Hawakupiga kelele. Kaa hana koo la kulilia.
Ni ko, ko. Kimya. Halafu ko,
kama mgeni anayechelea kuwaudhi wenyeji.
Karibu, nilitaka kuitika.
Neno lilishafika kwenye meno.

Sio kwamba naogopa damu.
Baba yangu alikuwa akichinjia mtaa mzima:
kisu akikinoa uani, kuku asikione,
akimnywesha maji kwanza,
bismillahi, mkato mmoja.
Siku nilipomshika jogoo mbele ya mwenziwe
nilikula kofi ambalo shavu halijasahau.
Hata kuua kuna adabu, alisema.
Lakini cha bahari hakina kisu.
Cha bahari ni halali kama kilivyo.
Miaka yote nilidhani huko ni kumhurumia kaa.
Kumbe tuliorahisishiwa ni sisi.

Shehoza karudi na mtungi begani, kacheka:
"Shangazi, huyo ni mdudu tu
mwenye bahati mbaya ya kuwa mtamu."
Labda. Sijapata kuwa kaa.
Ila nina kovu hapa kifundoni,
mafuta ya sambusa, Ramadhani ya mwaka juzi.
Mkono ulikimbia kabla mimi sijajua ni moto.
Basi na aseme mtu kaa ni mkono mtupu,
mkono usio na mwenyewe.
Nilipofunua, mmoja alikuwa kamng'ang'ania mwenziwe mguu,
sijui anamvuta amwokoe,
sijui anamkanyaga apande.
Penye moto, hata watu huwezi kuwapambanua.

Nikawatoa wote.
Nikaazima barafu kwa muuza samaki wa jirani,
nikawalaza humo mpaka wakalegea,
nikatafuta msumari wa inchi sita,
na pale chini, kwenye kibwebwe cha tumbo, nikachoma.
Wa tatu nilimkosea. Nisiseme alivyofanya.
Kufika wa kumi mkono ulishajua njia,
na hilo nalo likanitisha.
Simu inaita, Mwanamgeni, mara nne.
Shehoza kashika kiuno: "Watu wanataka mchuzi,
wewe unafanya mazishi?"

Nikakuna nazi. Nikaponda tangawizi.
Wakwe wa Pangani walilamba vidole hadi kwenye pete.
Na mimi, mpishi hatoki bila kuonja,
nikapasua gando kwa meno.
Tamu. Tamu ile ile ya siku zote.
Sikuonja msumari, sikuonja barafu,
sikuonja ile robo saa.
Tangu hapo ulimi siukubali tena kuwa shahidi.

Leo Jumatatu muuza pweza kapita.
Nimemsikia tangu kona ya msikiti,
gongo lake la kumlainishia linagonga ndoo.
Amesimama kizingitini, kijana wa watu, mpole,
kabisha hodi mara mbili.
Hela ninazo, nimezikunja kiganjani.
Nangoja ya tatu.